Amri Ambayo Hakuna Aliyeisikia

Kwenye mazishi ya Makori, kijana mmoja wa ukoo wao alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na alipofika mahali paliposema "mhariri asiyemwogopa mtu", nilicheka. Nilijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, na mama aliyeketi kando yangu akanipa peremende kwa huruma. Makori nilimpenda, hilo niliseme mapema. Ndiye aliyenifundisha kuuliza swali na kunyamaza ningoje jibu, na ndiye aliyenilipia chai miezi ambayo mshahara ulichelewa. Lakini kusema hakuogopa mtu ni kumpaka rangi. Makori aliogopa radi, aliogopa polisi wa trafiki ingawa hakuwa na gari, na zaidi ya yote alimwogopa mtu mmoja ambaye pale ofisini hatukumtaja kwa jina. Tulimwita Mwenyewe. Gazeti lilikuwa lake, na katika mwaka mzima niliofanya kazi pale nilimwona kwa macho mara mbili tu. Nikiwa nimekaa chini ya hema la mazishi huko Nyamira, wasifu ukiendelea, nikarudia swali ambalo nilikuwa nalo nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili: Makori aliogopa nini hasa? Nani aliwahi kumwambia neno?

Gazeti letu la kila wiki liliitwa Kioo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mjini Kisii, juu ya duka la vitabu la Bwana Pravin, na mashine iliyotuchapa ilikuwa nyuma ya duka hilohilo, hivi kwamba siku ya uchapaji sakafu yetu ilitetemeka na vikombe vikatembea vyenyewe mezani. Siku yangu ya kwanza nilimkuta Makori ametandaza karatasi kubwa nyeupe, ana rula ya mbao na penseli, anapanga ukurasa wa kwanza. Hakuwa amesoma habari hata moja ya wiki ile. Alichora kisanduku juu, upande wa kulia, akaandika ndani yake herufi M. Hapo pangekaa picha ya Mwenyewe akikabidhi mabati, akipanda mti au akisalimiana na askofu. Baada ya hapo ndipo akauliza, "Haya, dunia imefanya nini wiki hii?" Nilikuwa na ulimi mwepesi siku hizo. Nikamuuliza ni nani aliyeagiza picha ikae pale. "Hakuna," akasema. Basi mbona inakaa pale? Makori akaniangalia kwa mshangao wa kweli, bila hasira. "Kemunto, hapo ndipo inakaa."

Jibu lile liliniwasha. Mtu mwingine angeliacha, mimi nikaanza kuitafuta hiyo amri kama mtu anayetafuta funguo ndani ya nyumba. Nilimuuliza mpiga taipu kama amewahi kusikia Mwenyewe akitoa agizo lolote kuhusu habari. Hapana, akajibu, lakini habari za mpinzani wake ni vizuri ziwe fupi. Nani alisema? Ni vizuri tu. Nilimuuliza dereva aliyesambaza gazeti Ijumaa. Yeye alijua kwamba habari mbaya za majani chai hazitakiwi, kwa kuwa Mwenyewe ana shamba la majani chai, lakini hakukumbuka aliambiwa na nani. Wakati huo ilijulikana kote kwamba Mwenyewe anakitaka kiti cha ubunge. Mbunge aliyekikalia alikuwa na gazeti lake pia, Mnara, lililoandikishwa kwa jina la shemeji yake. Wale nao, nikawaza, wana kisanduku chao. Nilikuwa na daftari dogo la buluu ambamo niliandika majibu haya yote, nikijiona mpelelezi, na ukurasa baada ya ukurasa amri ikakosa mwenyewe.

Aliyenifurahisha kuliko wote ni Bwana Pravin, kwa sababu yeye alichapa magazeti yote mawili, Mnara Jumatano na Kioo Alhamisi, kwa mashine ileile na wino uleule. Alizaliwa Kisii, akasomea Kisii, na Kigusii chake kiliwashinda binamu zangu wa Nairobi. Alhamisi mchana aliniita kwa kugonga dari kwa kipini cha ufagio. Nikishuka nakuta mkewe ameshaleta chai ya tangawizi na chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, na magazeti mawili yamelazwa kando kwa kando juu ya kaunta, kati ya kalamu na madaftari ya hesabu. "Dada, njoo tuone wiki hii tuko nchi ngapi," angesema. Nakumbuka ufunguzi wa daraja moja dogo la miguu. Katika Kioo, Mwenyewe anakata utepe na mbunge haonekani kabisa. Katika Mnara, mbunge anakata utepe huohuo, na ukingoni mwa picha kuna kiwiko chenye koti la krimu. Kilikuwa kiwiko cha Mwenyewe, ambacho hawakuweza kukiondoa bila kumkata mbunge wao bega. Bwana Pravin alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia kitu ambacho nilikiandika kwenye daftari langu: "Wakigombana, mimi sishughuliki. Mimi natafuta kitu wote wawili wameacha. Kama wote wameacha, hiyo nataka kujua."

Nilipanga chumba Nyakoe, kwa Mama Kwamboka, shemasi wa kanisa letu la Waadventista. Chumba kilikuwa na kitanda, msumari mmoja wa kutundikia nguo na dirisha lililotazama migomba. Kodi ilikuwa ndogo, masharti yalikuwa makubwa, na sharti la kwanza lilikuwa Sabato. Ijumaa jua likianza kuinama, nyumba ilikimbizana: viatu vimeng'arishwa, nguo zimepigwa pasi, mboga za chinsaga zimeshaiva na maziwa kwenye chungu, na ugali wa wimbi umefunikwa, kwa kuwa Jumamosi hakuna kupika. Kioo kiliingia Nyakoe Ijumaa saa kumi. Mama Kwamboka alikinunua, akakikunja, akakiweka juu ya kabati bila kukitupia jicho, na hapo kilikaa siku nzima ya Jumamosi mpaka jua lizame. Ndipo alipovaa miwani na kutusomea kwa sauti, kuanzia kisanduku cha Mwenyewe mpaka tangazo la mwisho la mazishi. Mji mzima ulikuwa na nyumba za namna hiyo. Msichana aliyenitangulia chumbani alifukuzwa kwa kukutwa Jumamosi asubuhi akiuza mitumba sokoni Daraja Mbili, na Mama Kwamboka alinisimulia kisa hicho wiki ya kwanza, kwa upole, huku akiniongezea mboga.

Habari ya chemchemi ilitufikia mwezi wa tano. Wanawake wa kijiji kimoja karibu na Nyansiongo walikuwa wakiteka maji kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya shamba lililokuwa la mzungu. Shamba hilo lilinunuliwa, mwenye shamba akapanda mikaratusi mpaka kwenye maji, kisha akaifunga njia kwa seng'enge. Makori alinituma nikaone. Hakuniambia shamba ni la nani, na nadhani hakuwa anajua. Nilipofika ndipo nikaambiwa: ni la Mwenyewe. Waliniongoza hadi kwenye waya, wakanionyesha njia iliyoanza kuota nyasi, kisha wakanipeleka mtoni, mahali wanapoteka sasa. Juu ya hapo, hatua chache tu, lilikuwa josho la ng'ombe. Niliinua mtungi mmoja nikanusa. Maji yalinuka dawa ya kupe. "Haya ndiyo tunapikia uji wa watoto," alisema Mama Moraa, aliyekuwa msemaji wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Tulizungumza Kigusii. "Hata mzungu alituachia njia. Huyu ni mtu wetu." Jikoni kwake walinipa ndizi za kuchemsha na maziwa lala, wakaniuliza ninasali wapi, nami nikawaambia. Nyuso zikafunguka. Kumbe tunasali pamoja! Mama Moraa akaniita mtoto wao tangu dakika ile, na nilipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Andika tu kilichoko." Nikamwambia nitaandika.

Nilipomwambia Makori shamba ni la nani, alichonga penseli ambayo ilikuwa imechongoka tayari. Kisha akasema tusubiri. Mkuu wa tarafa ameitisha baraza kusikiliza malalamiko hayo, na tukiandika kabla ya baraza tutaonekana tumehukumu. Niliona sababu hiyo ni ya haki, na mpaka leo siwezi kusema haikuwa. Lakini tarehe ya baraza ilipotangazwa nilihesabu kwa vidole mara mbili. Ilikuwa Jumamosi. Nilimuuliza karani wa chifu kwa nini, akasema ndiyo siku pekee mkuu alikuwa na nafasi. Nani alichagua? Hakuna aliyechagua, ilikuwa tu imebaki. Makori, ambaye alikuwa Mkatoliki, aliniuliza kama nitaweza kwenda. Ningeweza kukataa na asingenifanya kitu. Lakini ilikuwa habari yangu, nami nilikuwa nikiiota. Nikamwambia Mama Kwamboka kwamba Sabato ile nitasali Nyansiongo na rafiki, nikatia Biblia na kitabu cha nyimbo kwenye mkoba, na katikati yao daftari.

Baraza lilifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Upande wa pili wa ua wa michongoma lilikuwepo kanisa la Waadventista, la mabati, lenye madirisha yasiyo na vioo, na nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia maneno ya wimbo. Mkuu wa tarafa alifungua kikao. Akauliza mwenye shamba yuko wapi. Msimamizi wa shamba akasimama, kofia mkononi: "Ameniomba nimwakilishe, mheshimiwa. Leo yuko ibadani." Ndiyo, Mwenyewe naye alikuwa Mwadventista, tena mzee wa kanisa huko Nairobi. "Yuko ibadani, sawa," alisema mkuu wa tarafa, na karani akaandika. "Na walalamishi?" Chifu akatazama huku na huku kama anayetafuta kuku. "Hawaonekani, mheshimiwa." Kanisani walikuwa wanaimba ubeti wa tatu, sauti za wanawake juu kabisa. Wanaume wawili mbele yangu wakachekea mikononi. Kila mtu uwanjani alijua wako wapi. Mkuu wa tarafa akasema malalamiko yamewekwa kando, na kama wana sababu ya kutofika, waje waieleze ofisini ndani ya wiki mbili, la sivyo njia itabaki ilivyo. Nilikuwa nikiandika kwa kasi mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Nilijawa na furaha ya ajabu, niseme ukweli. Nilikuwa nimeona jambo zima kwa macho yangu, na nilijua kwamba sentensi moja tu, kwamba ilikuwa Jumamosi na walikuwa hatua mia moja kutoka pale wakiimba, ingetosha.

Jumatano asubuhi niliketi mbele ya taipureta. Niliandika juu ya josho, juu ya mikaratusi, juu ya msimamizi wa shamba. Nilifika kwenye siku, na vidole vikasimama. Jina langu lingekuwa juu ya habari ile. Jumamosi jua likizama, Mama Kwamboka angevaa miwani, angesoma neno Jumamosi kwa sauti, kisha angelisoma jina langu, na hesabu hiyo haikuhitaji shule. Nilikiona chumba changu, msumari wangu, nikajiona nimesimama na sanduku kwenye barabara ya Nyakoe, na Sabato inayofuata jina langu likisomwa mbele ya kanisa. Nikaandika, "Katika baraza lililofanyika juma lililopita, walalamishi hawakuonekana." Kila neno lilikuwa kweli. Na ukishaitoa siku, kanisa nalo linatoka, kwa sababu mtu haimbi kanisani Jumanne. Wimbo ukatoka, na ibada ya Mwenyewe ikatoka. Vyote viliondoka kwa mkupuo mmoja, na mwisho jina la Mwenyewe nalo likaonekana halina mahali pa kukaa, nikaandika "mwenye shamba". Nilimpelekea Makori. Alisoma taratibu, akaninyooshea penseli. "Baraza lilikuwa siku gani? Hujaandika." Nikamwambia juma lililopita inatosha. Nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Inatosha," akasema, na akaipa kichwa chake: Walalamishi Wakwepa Baraza.

Alhamisi kipini cha ufagio kiligonga dari. Nilishuka. Bwana Pravin hakuwa anacheka. Mnara ulikuwa umeandika kwamba wahuni wa Mwenyewe waliwafukuza wanawake barazani kwa marungu, habari ambayo haikuwa na chembe ya ukweli, na mwandishi wao hata hakufika. Ukweli wa Jumamosi haukuwa na damu ya kutosha kwao. "Kwako wamekwepa," alisema Bwana Pravin, kidole juu ya Kioo. "Kwao wamefukuzwa. Sasa, dada, hawa akina mama walikuwa wapi?" Nikasema sijui. Mkewe alikuwa ameleta chai. Nilisema nina kazi juu, nikapanda bila kuinywa. Na Jumamosi jioni Mama Kwamboka alisoma habari yangu mpaka mwisho, akavua miwani, akatikisa kichwa. "Wanawake wengine nao! Wanaitwa kwa maji yao wenyewe na hawaendi." Kisha akanipigapiga goti. "Lakini umeandika vizuri, mwanangu."

Yaliyofuata aliyasimulia chifu mwenyewe ofisini kwetu, alipopita kuleta tangazo, na aliyaona kama kichekesho. Wanawake walikwenda kwa mkuu wa tarafa ndani ya zile wiki mbili. Walimweleza kwamba walikuwa kanisani. Mkuu akatoa magazeti mawili kwenye droo. Hili linasema mmekwepa, akawaambia, na hili linasema mmepigwa. Mlipigwa? Hatukupigwa. Basi gazeti lililowatetea limesema uongo, na hili lingine halisemi lolote kuhusu kanisa, na mwandishi wake alikuwepo, mimi nilimwona. Leo mnaniletea hadithi ya tatu. Akafunga faili. Makori alicheka kidogo kwa adabu, chifu akaondoka, na sisi wawili tukabaki tunatazama meza. Ningeweza kuandika upya wiki ile. Nilijua, na Makori alijua kwamba najua. Mwaka ulipoisha nilienda chuo cha ualimu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Nimefundisha miaka thelathini na minne. Kila darasa nililoligusa nilililazia magazeti mawili mezani kama Bwana Pravin, nikawaambia wanafunzi watazame nani anamiliki, nani anakata picha, nani ameachwa nje. Siku hizi wananicheka, wanasema, "Mwalimu, habari ziko kwa simu," nami nawaambia simu nayo ina mwenyewe. Niliwasimulia kisanduku cha M, na wakakifurahia. Niliwasimulia chemchemi pia, na katika masimulizi yangu sentensi ya Jumamosi ilikatwa na mhariri mwoga aliyemwogopa tajiri. Nilisimulia hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kuona penseli ya Makori ikiikata. Nilipokuwa nikicheka pale kwenye wasifu wake, nilikuwa namcheka mtu huyo niliyemtunga. Ndipo kicheko kikaniishia ghafla, na nikaona haya nikiwa na peremende mdomoni. Mwaka mzima nilizunguka na daftari la buluu nikitafuta aliyetoa amri, na siku amri ilipotekelezwa nilikuwa peke yangu mbele ya taipureta. Sikumwogopa Mwenyewe hata kidogo. Niliogopa kupoteza chumba. Yeye alikuwa Nairobi ibadani, na kazi yake nilimfanyia mimi, bure, kwa sababu zangu.

Baada ya kaburi kufukiwa tulipewa chakula, na nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya sahani nilipoitwa kwa jina langu la usichana. Alikuwa Mama Moraa. Amezeeka, ameinama kidogo, lakini sauti ni ileile ya chini. Kumbe Moraa, binti yake, ameolewa kwa kina Makori. Tuliketi kwenye viti viwili vya plastiki kando ya zizi, akanisalimia kwa furaha, akauliza watoto wangu mmoja mmoja. Njia ya chemchemi haikufunguliwa tena, aliniambia nilipouliza. Walitumia maji ya josho miaka tisa, mpaka serikali ikaja na bomba. Hakulalamika, alijibu nilichouliza tu. Nikaweka sahani chini.

"Mama," nikasema, "baraza lilikuwa Jumamosi. Nilikuwepo na niliwasikia mkiimba. Sikuandika, na hakuna aliyenikataza."

Alitafuna ndizi yake akaimaliza. Nilitamani anitukane.

"Siku hiyo," akasema, "jirani yetu mmoja Mkatoliki alikuja mpaka mlango wa kanisa. Alitaka kwenda barazani awaambie tuko ibadani, watungoje jua lizame au wapange siku nyingine. Alikuwa ameshajifunga leso. Nikatoka kumwitikia, na hapo mlangoni nikakuona ng'ambo ya ua, umesimama na daftari lako." Alifuta vidole vyake kwa ukingo wa kanga, polepole, kimoja kimoja. "Nikamwambia arudi nyumbani asijisumbue. Nikamwambia mtoto wetu yuko pale, na anaandika."